Nilipewa kipindi cha muziki cha watoto wadogo, haya ndo niliyoyaona mpaka siku ya onyesho

Mwalimu wa muziki aliondoka katikati ya mwaka, mkuu akaangalia ratiba akaona mimi nina vipindi vichache kuliko wenzangu, alafu akakumbuka kwamba naimba kwaya. "Mwalimu, wewe si unaimba? Basi chukua muziki darasa la kwanza mpaka la tatu, na mwisho wa mwaka kuna onyesho la wazazi." Ndo ilivyokuwa. Hamna mafunzo, hamna kitabu, kuna kabati lenye rekoda za plastiki (zile filimbi za kupuliza), manyanga, ngoma mbili, marimba ndogo za shule na kinanda cha umeme ambacho waya wake ulikuwa unataka kushikiliwa ndo kiwake. Naandika kwa ajili ya mwalimu ambaye kesho ataitwa ofisini aambiwe maneno kama hayo, na kwa wazazi pia, maana mzazi anaona zile dakika chache za jukwaani tu, kilichotangulia hakioni.

Kuimba kwaya ya watu wazima na kufundisha watoto wa miaka 6 ni vitu viwili visivyojuana. Mimi naimba sauti ya nne, besi, ile ya chini kabisa. Nikaanzisha wimbo pale ninapopaweza, wakanifata, na kilichotoka ni mguno, wengine wanaongea maneno tu bila tuni, wengine wamenyamaza wananitazama. Wiki zikawa zinaenda hivyo hivyo na ofisini nikawa nasema hili darasa halina sikio kabisa. Mpaka siku moja koo limekauka nikamwambia msichana mmoja wa mbele aanzishe yeye. Akaanzisha juu huko, na darasa zima likaingia palepale alipo, safi, kama vile wamefundishwa na mtu mwingine. Mvulana mmoja akanimalizia kabisa: "Ticha, we unaimba kama babu, hatukufikii."

Alikuwa sahihi na sababu yake ipo. Mtoto wa miaka 6 mpaka 8 anaimba kwa raha kuanzia Re iliyo juu tu ya Do ya katikati ya kinanda mpaka La inayofata, noti tano hivi, akizoea ndo anapanda zaidi. Sauti ya mwanaume inakaa oktavo nzima chini ya hapo, yani kutoka Do mpaka Do nyingine. Mtu mzima akisikia noti ya chini anaihamishia kwake juu bila hata kufikiri, mtoto mdogo bado hajalijua hilo, anajaribu kuifata ileile unayoitoa wewe, na kooni kwake haipo, kwaiyo anaguna au ananyamaza na we unaandika kwamba hajui kuimba. Kama we ni mwanaume imba kwa ile sauti nyembamba ya juu, watacheka siku ya kwanza, waache wacheke, wiki inayofata wamesahau. Au mtoto aanzishe. Au gonga noti kwenye marimba waichukue hapo. Na walimu wa kike nanyi msijione mko salama, wengi wenu ni sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, mnaanzisha chini sababu ndo panapowakaa vizuri nyie. Nyimbo za redioni ndo usiseme, nyingi zimepangwa kwa koo la mtu mzima, mtoto anazipiga kelele tu.

Na hapo kwenye kelele kuna jambo lingine. Kuna sentensi tunaipenda sana walimu: "Imbeni kwa nguvu, siwasikii!" Mtoto akisikia nguvu anapiga ukelele, mishipa ya shingo inasimama, tuni inapotea palepale, na ukimfanyisha hivyo nusu saa anarudi nyumbani sauti imekwaruza. Kilichonisaidia ni kuwatofautishia sauti zao kwanza, hii ni ya kunong'ona, hii ya kuongea, hii ya kumwita mtu aliye mbali, hii ya kuimba, tunazipitia zote na sentensi moja hiyohiyo. Alafu king'ora, wanapandisha sauti taratibu mpaka juu kabisa wanaishusha, wanafata mkono wangu. Wanadhani tunacheza. Kumbe watoto wengine pale ndo mara ya kwanza wanagundua kwamba wana sauti ya juu, maana siku zote walikuwa wanaimba na ile ya kuongelea.

Usiku nikawa nasoma, chochote ninachokipata. Na nilichogundua ni kwamba matatizo yangu yote kuna watu walishayapitia miaka mingi nyuma. Wanakwaya mnaijua solfa, ile do re mi tunayosomea nyimbo. Sarah Ann Glover, mwalimu wa Norwich kule Uingereza, ndo alitengeneza mfumo wake ili watoto wa kawaida waweze kusoma muziki, John Curwen (1816-1880) akauchukua akaupanga upya na baadae akaongeza ishara za mikono, kila noti na mkono wake. Alafu karne ya 20 Zoltán Kodály na wanafunzi wake kule Hungaria wakavichukua vyote hivyo wakajenga mafunzo ya muziki ya shule nzimanzima. Kilichonifungua macho kwao ni mpangilio. Hawaanzi na do re mi fa so kwa kupanda ngazi kama tulivyozoea sisi. Wanaanza na So na Mi tu, noti mbili, ile sauti watoto wanayoitumia kutaniana na kuitana wakiwa wanacheza. Wakishika hizo inaingia La, alafu Do na Re, na Fa na Ti zinakuja baadae kabisa kwa sababu zile hatua nusu, yani noti mbili zilizokaribiana kabisa, mtoto mdogo zinampa shida kuzishika sawa.

Nikaifanyia majaribio kwenye kuita majina. Badala ya kuita kawaida nikawa naimba jina la mtoto kwa So na Mi, na yeye anajibu "nipo" kwa So na Mi. Sikutegemea kitu kidogo hivyo kiwe na faida kiasi kile. Kila mtoto anaimba peke yake kila kipindi bila kujua kwamba ameimba peke yake, hamna anayeogopa sababu hamna jukwaa hapo, ni mahudhurio tu, na mimi nasikia nani anaipata, nani anaongea tu, nani sauti imemkwama chini. Anayejibu kwa kuongea namkubalia nasonga mbele, simrudishi, simwambii "rudia vizuri". Wengi walianza kuipata wenyewe bila mtu kuwagusa, siku moja tu unashangaa jibu limerudi likiwa limeimbwa.

Kuhusu mapigo sasa. Hapa nilitaka kuacha kazi. Nilikuwa naandika ubaoni noti ya pigo moja na noti ya nusu pigo, naeleza, wanaitikia ndiyo mwalimu, tukianza kupiga makofi kila mtu ana wimbo wake. Kuna huyu Émile Jaques-Dalcroze, aliyezaliwa 1865, alikuwa anafundisha chuo cha muziki Geneva, Uswisi, akaona wanafunzi wake wakubwa kabisa wanajua kuandika muziki kwenye karatasi lakini kushika mapigo hawawezi, akaanza kuwatembeza. Kutembea tu, kuyumba, kusimama muziki unaposimama. Kama watu wazima wa chuo walihitaji kutembezwa, mtoto wa darasa la kwanza niliyemkalisha kwenye dawati nikamwambia ahesabu moja mpaka nne nilikuwa nategemea nini kwake?

Tukasukuma madawati ukutani. Mimi na ngoma, wao wanatembea, ngoma ikikata wanaganda. Nilichojifunza hapo na ambacho sikukiona kikiandikwa wazi sehemu nyingi: mwanzoni wewe ndo umfate mtoto, usimlazimishe akufate. Anatembea, we unapiga ngoma kwa mwendo wa miguu yake, anasikia ngoma inamjibu, hapo ndo anaelewa pigo ni kitu gani. Baadae ndo unageuza. Na mwendo wao ni wa haraka kuliko wetu, mtu mzima ukimwambia agonge meza kwa mwendo wowote anaopenda wengi wanaangukia karibu mapigo 100 kwa dakika, watoto wadogo wako juu zaidi ya hapo. Kwaiyo ule wimbo wa taratibu wa kutuliza uliouchagua ukidhani ni rahisi kwao, ni mgumu. Kwenye wimbo wa taratibu katikati ya pigo na pigo kuna nafasi kubwa, mtoto hajui aifanyie nini, anawahi.

Alafu kuna tofauti ya pigo na mdundo wa maneno, hiyo hata wazazi wanachanganya. Pigo linatembea sawasawa kama hatua za miguu, maneno yanakimbia na kusimama juu yake. Vitabu vingi vya nje vinafundisha kwa maneno ya silabi moja kwa pigo moja na silabi mbili kwa nusunusu, na sisi maneno ya silabi moja tunayo machache mno, nikahangaika na hilo wiki nzima. Mwisho nikatumia wanyama: simba anatembea, kwaiyo "si-mba" kila silabi pigo lake zima, paka anakimbia, "paka" silabi zote mbili ndani ya pigo moja. Simba paka paka, hapo una mapigo manne. Paka simba paka, manne mengine. Wakaanza kutunga wao wenyewe, wanabandika picha ukutani, wanasoma muziki kabla hawajajua kwamba wanasoma muziki, na ile noti ya ubaoni ilipokuja baadae ilikuwa ni jina jipya la mnyama wanayemjua. Na wimbo ukiwa umetafsiriwa angalia kitu kimoja, mkazo wa maneno yetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, tuni ikiweka pigo zito sehemu nyingine mtoto anajikwaa palepale kila siku na we unadhani hajakariri. Badilisha neno, sio mtoto.

Ala. Nimezichelewesha hapa sababu na darasani zinatakiwa zichelewe. Ukimpa mtoto wa miaka 6 manyanga mkononi alafu ukaanza kutoa maelekezo, maelekezo hayo unajielekeza mwenyewe. Atapiga. Ndo kazi ya manyanga. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja mlangoni akaniangalia tu bila kusema kitu, akaondoka, na urafiki wetu ukapoa muhula mzima (mpaka leo sijui kama umerudi sawasawa). Utaratibu uliokuja kutuokoa ni huu: maelekezo yanaisha kabla ala haijatoka kabatini. Kila kitakachopigwa kwenye ala kwanza kinapigwa mwilini, mapaja, makofi, miguu chini, na kutoa mlio kwa vidole usiwadai wadogo maana wengi hawawezi bado. Ala moja inazunguka, wengine wote wanapiga ileile mdundo kwenye mapaja wakati wakisubiri, hivyo hamna anayekaa bure, na anayekaa bure ndo anaanza fujo. Ala ina sehemu ya kulala, vijiti kwenye mabega, ngoma chini. Anayepiga kabla ya ishara ala inampita raundi moja, bila hasira, bila hotuba, inampita tu. Walijifunza hiyo haraka kuliko kitu kingine chochote nilichowafundisha mwaka ule.

Zile marimba zilikuwa na kitu sikukielewa mwanzo, vibao vyake vinachomoka na kabatini kulikuwa na vibao vya ziada. Nikadhani vimevunjika. Kumbe ndo zilivyotengenezwa, ni aina iliyotokana na Carl Orff na mwenzake Gunild Keetman kule Munich, Ujerumani, shule waliyofanyia kazi ilianza 1924. Kwenye ala noti zinaitwa kwa herufi, C ndo Do. Ukichomoa vibao vya F na B, zinazobaki ni noti tano C D E G A, na hizo mtoto akigonga yoyote wakati wowote hazigombani. Yani mtoto ambaye hajawahi kushika ala anatunga kitu chake mwenyewe siku hiyohiyo na kinasikika vizuri, na wala hujamdanganya, ni kizuri kweli. Hivi vibao vya ziada ni F kali (imepanda nusu hatua) na B bapa (imeshuka nusu hatua), kwa ajili ya kuhamia ufunguo mwingine, yani Do ikianzia noti nyingine, usivitupe kama nilivyotaka kufanya. Kijiti mwambie akiachie kidunde kama kinaungua, akikikandamiza kibao kinakufa sauti.

Rekoda nitaenda haraka maana najua wengi ndo mnazo na zinawatesa. Darasa la kwanza vidole havifuniki matundu vizuri, waache mpaka karibu miaka 8 au 9. Mkono wa kushoto juu, hata kwa anayetumia kushoto. Anza na B A G, moja baada ya nyingine, kidole kimoja kinaongezeka. Mlio wa kukwaruza unatoka sehemu mbili tu, tundu halijafunikwa au mtoto anapuliza kama anazima moto, mwambie apulize kama anapasha kiganja joto na aanze kila noti kwa ulimi, "du". Kabla shule haijanunua nyingine geuza nyuma, nyingi zina herufi, B ni mpangilio wa vidole unaoitwa Baroque na G ni wa Kijerumani. Ya Kijerumani noti ya F inakuwa rahisi mwanzoni ndo maana inauzika, ila mbele huko F kali inakuja imepinda na mtoto inabidi ajifunze vidole upya. Chukua B. Na kila mtoto na yake, sio kupokezana, hizo ni vitu vya mdomoni, zinaoshwa na maji ya vuguvugu na sabuni.

Sasa wale "wasiojua kuimba". Kila darasa linao na kila mwalimu anawajua kwa majina. Kuna desturi mbaya tumeirithi, mtoto akiharibu tuni tunamwambia kwa upole kabisa, "wewe siku ya onyesho fungua mdomo tu, usitoe sauti." Nimekutana na watu wazima wengi wanaosema hawawezi kuimba, ukiwachimba wanakutajia siku, darasa, na aliyewaambia, na walikuwa wadogo hivyohivyo. Edwin Gordon, mtafiti wa Marekani aliyetumia maisha yake kwenye mambo haya, alisema uwezo wa muziki wa mtoto unaendelea kubadilika kutokana na anachokisikia na kukifanya mpaka karibu miaka 9. Mtoto wa 6 unayemnyamazisha leo yuko katikati kabisa ya mda wake wa kujenga hilo sikio. Nilichofanya ni kumkalisha anayeyumba katikati ya wawili wanaoshika vizuri, nyuma yake mwingine, asikie tuni kutoka pande zote. Na mara nyingine namfata mimi, yeye anaimba noti yoyote aliyonayo, mi naichukua hiyohiyo, alafu tunapanda wote kidogo kidogo. Kuna mmoja nilikuwa nimemhesabu kwenye kundi hilo, aliyegundulika baadae kwamba sikio moja halisikii vizuri, sio la muziki, sikio kabisa. Mama yake alikuwa anajua kitu hakiko sawa ila hakujua amwambie nani. Kwaiyo mtoto asiyebadilika kabisa na anayegeuza kichwa upande mmoja ukimwongelesha, ongea na mzazi. Na yule anayeziba masikio ngoma zikianza hakudharau, wengine kelele inawaumiza kweli, mpe nafasi karibu na mlango na kazi ya kushika ishara ya kuanza na kusimama. Mmoja wangu wa hivyo alikuja kuwa kiongozi mkali kuliko mimi.

Gharama niliyolipa mimi ilikuwa koo. Kipindi cha kwanza mpaka cha mwisho naimba, naita, nashindana na manyanga, jioni kwaya. Ikafika mahali sauti haitoki asubuhi, daktari akaniambia ninyamaze, na kunong'ona pia akakataza kwa sababu kunakaza koo. Nikafundisha kwa mikono tu kwa kipindi, ishara, kuonesha, kufata, na cha ajabu darasa likatulia kuliko nikiwa naongea. Ishara zile nimebaki nazo. Sipazi sauti tena kuwanyamazisha, napiga mdundo mmoja wanaujibu, kimya.

Onyesho ndo lilitaka kuniangusha. Nilivyolielewa mwanzo, onyesho ni kitu kikubwa pembeni, kwaiyo tukachagua nyimbo kubwa za kupendeza wazazi, zenye klipu ya muziki wa nyuma (muziki uliorekodiwa, watoto wanaimba juu yake), na vipindi vyote vikageuka kuwa mazoezi ya onyesho. Simama hapa, tazama mbele, rudia, rudia. Watoto waliokuwa wanakimbilia chumba cha muziki wakaanza kuomba ruhusa ya chooni. Hakuna kuita majina kwa kuimba, hakuna simba na paka, mda hautoshi. Na wimbo haushikiki. Klipu haiwasubiri, wakichelewa neno moja imeshaondoka, nusu wanaikimbiza nusu wameacha, na ni ya haraka au ya chini kwao lakini huwezi kuibadilisha.

Nikafuta karibu kila kitu, mkuu hakufurahi, programu ilikuwa imeshaandikwa. Nikamwambia mkuu wazazi watakachokiona ni kile watoto wanachokifanya kila siku, ila kimepangwa. Tukafungua na mahudhurio, watoto wanaitana wenyewe kwa So na Mi, mmoja baada ya mwingine. Tukaweka ile ya kutembea na kuganda. Darasa la pili wakasoma picha zao za simba na paka, marimba noti tano, watoto wawili wawili wanatunga palepale. Darasa la tatu wimbo mmoja na rekoda ya noti tatu. Nyimbo za kuimba zikabaki chache, zote walizozijua siku nyingi, bila klipu, mimi na ngoma nikiwafata wao. Mazoezi ya jukwaani yalibaki ya kuingia, kusimama, kutoka. Na kuingia na kutoka ndo kunahitaji mazoezi kuliko kuimba, hilo liandike mahali, foleni ya watoto wa miaka 6 kwenye ngazi za jukwaa gizani sio jambo la kujaribu mara ya kwanza siku yenyewe.

Vitu vya siku yenyewe ambavyo hamna mtu aliniambia. Chooni wote kabla, hata anayesema hana. Waingie wakati wa zamu yao sio kukaa nyuma ya jukwaa saa nzima, wakitoka nguvu imeisha. Wakisimama mda mrefu mtoto anakaza magoti nyuma, kwenye joto la taa anaweza kuzirai, wafundishe kulegeza magoti na wakae chini kundi lingine likifanya. Maiki usimshikishe mtoto mmoja, ataila na wengine watamtazama yeye, weka mbali kidogo mbele ya kundi zima au usiweke kabisa kama ukumbi ni mdogo. We mwalimu kaa chini mbele yao usawa wa macho yao, wanakusoma mdomo, kwaiyo ukikosea neno na wao wamekosea. Watapunga mikono kwa wazazi, wape ruhusa ya kupunga mara moja wakiingia, inaisha, ukiwakataza watapunga katikati ya wimbo. Waambie wazazi mapema mtu mmoja atarekodi klipu na wote watapewa, la sivyo mstari wa mbele watasimama na simu na bibi zao wa nyuma wataona migongo.

Na atalia mtu. Kwetu alilia msichana yule yule aliyenianzishia wimbo siku ile, mwenye sauti kuliko wote, aliona watu akaganda. Nilikuwa nimekubaliana na watoto kabla kwamba mtu akishindwa anaruhusiwa kuja kukaa kwangu, sio adhabu, ni sehemu tu. Akaja akakaa, akaimba nyimbo zote akiwa amekalia mguu wangu. Mama yake aliniuliza baadae kama amenyimwa nafasi, nikamweleza, akaelewa nusunusu. Mzazi mwingine aliniambia wazi kwamba alitegemea kitu kikubwa zaidi, hii aliona ni michezo ya darasani. Sikubishana nae, kweli ilikuwa michezo ya darasani. Mwingine akanishika mkono akasema mtoto wake nyumbani anaita kila mtu kwa kuimba mpaka wamechoka.

Kwaiyo ukiitwa ofisini, kabla ya kusema sawa uliza haya: chumba kiko wapi na nani yuko jirani, watoto wangapi kwa mara moja, vipindi vinafatana bila pumziko au vimeachana (koo lako linakuuliza), ala zilizopo zimekaguliwa lini, na onyesho ni lazima lifanane na la mwaka jana au unaruhusiwa kulipanga mwenyewe. Omba jibu la hilo la mwisho kwa maandishi. Na uliza nani anarudisha viti onyesho likiisha, maana mimi sikuuliza.